Veneranda Kasongo na Ngazi ya Vipandio Arobaini na Moja

Ndugu, majirani na wote mliosafiri kuja Ujiji leo, Jumatano tarehe 12 Septemba 1979: tunayemlaza hapa ni Veneranda Marselino Kasongo, aliyeishi miaka thelathini na miezi minne. Mara mbili aliandika kwamba kuna ngazi itakayomwangusha, na mara zote mbili hakusikilizwa. Lakini tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, Kasingirima, mtoto wa tatu wa Mama Bibiana na Mzee Marselino Kasongo, fundi wa mitumbwi ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya siku tano. Ilipomwachia, miguu yote miwili ilikuwa imepooza. Wapo waliomshauri Mama Bibiana amfiche uani. Mzee Marselino alichukua mbao za mtumbwi, akaziegemeza kwenye kizingiti cha mlango zikawa mteremko, kisha akamtengenezea mtoto ubao wenye magurudumu. Veneranda alipanda na kushuka kutwa nzima, hata mama yake akalalamika kwamba kuku wamekosa amani.

"Mtumbwi hatuubebi kuutoa majini," Mzee alimwambia mkewe. "Tunaupandisha juu ya magogo. Na huyu tutampandisha."

Alianza shule mwaka 1958 akiwa na miaka tisa, akamaliza kidato cha sita mwaka 1971, akapata nafasi chuo kikuu Julai 1972. Jina la chuo hatutalitaja, maana wapo wanaosoma pale hata leo. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa mlimani, na njia pekee ya kuufikia ilikuwa ngazi ya zege yenye vipandio arobaini na moja. Siku ya kwanza alikaa chini yake kwenye kiti chake cha magurudumu, akiwatazama wenzake wakipanda na kupotea juu. Ndipo mtu nyuma yake akasema, "Mwakeye." Kusikia salamu ya Kiha kule ugenini, alikiri baadaye, nusura kumlize. Alikuwa Feliksi, kijana wa kijiji cha Kidahwe, jirani na kwetu. Alichuchumaa, akampa mgongo.

Tangu hapo alibebwa kila asubuhi. Picha yao ilitoka kwenye gazeti la chuo, ikasifiwa kuwa ndiyo Ujamaa kwa vitendo. Marehemu hakuipenda. Uso wake haukuonekana, ila mikono yake miwili shingoni mwa mwenzake. Tena kule mgongoni alikuwa anasikia mambo ambayo mpiga picha hakuyasikia: kuanzia kipandio cha thelathini magoti ya Feliksi yalitetemeka, na kipandio cha thelathini na nne kilikuwa kimelegea, kinagonga kila kikikanyagwa. Alikisubiri kila siku huku amekaza meno.

"Feliksi, siku moja tutaanguka."

"Hatuanguki. Wewe shika tu."

Oktoba 1972 aliandika barua kuomba njia ya mteremko. Ofisa mmoja alimwita, akamwonyesha ile picha, sasa imetundikwa ukutani.

"Ndugu Veneranda, wenzako wanakubeba kwa moyo mmoja. Ukiomba njia yako peke yako, si unawavunja moyo?"

"Siku wakichoka, mzee, nitasomea wapi?"

Ofisa alicheka kwa upole. Februari aliandika tena, safari hii akakitaja kipandio cha thelathini na nne. Hakujibiwa.

Jumanne tarehe 17 Aprili 1973 mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kipandio kiligonga kama kawaida, kisha kikang'oka. Feliksi alivunjika mkono. Marehemu alivunjika nyonga, akalazwa miezi mitatu.

Akiwa hospitali, wanafunzi wenyewe walikata shauri kujenga mteremko kando ya ngazi, kwa kazi ya kujitolea. Wakamuuliza uwe mrefu kiasi gani. Akamwandikia baba yake, na Mzee Marselino, ambaye kalamu hajaipenda mpaka leo, alituma kifurushi cha kamba yenye mafundo, kipimo kilekile anachopimia mteremko wa kupandishia mitumbwi. Mteremko ulikamilika Agosti. Marehemu aliupanda mwenyewe, akisukuma magurudumu polepole, huku wenzake wakitembea kando bila kujua mikono yao waiweke wapi.

Alihitimu Machi 1975, akaajiriwa hapohapo chuoni, ofisi ya udahili. Humo alikuta maombi ya watu wasioona na wasiotembea yamewekwa kando, yameandikwa "mazingira hayaruhusu". Aliyarudisha mezani moja moja, akagombana, baadhi ya wakubwa wakamchukia. Alipoacha kazi, wanafunzi wa namna hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Jumamosi tarehe 4 Septemba 1976 alifunga ndoa na Feliksi hapahapa Ujiji. Wapambe walitaka bwana harusi ambebe bibi harusi kuingia ndani. "Amekwisha nibeba ya kutosha," alisema, watu wakacheka, naye akapanda mbao za baba yake. Hatukujua kwamba siku ile nyonga ilikuwa ikimuuma. Yuliana, binti yao, alizaliwa mwaka uliofuata.

Nyonga haikupona kamwe. Mwaka jana ilianza kutoa usaha, naye akaficha mpaka haikufichika tena. Aliacha kazi, akarudi nyumbani Juni mwaka huu. Kitandani hakuzungumza sana juu ya kufa. Alizungumza juu ya mteremko, kwamba wakubwa wapya wanaitaka sehemu ile ili wapanue ngazi. "Mimi nikiondoka watauvunja," alimwambia Feliksi. "Watasema ulikuwa wangu." Sisi tulidhani ni homa inayosema. Alifariki Jumapili tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Jumatatu, watu wakiwa wamekaa matanga uani, ilifika barua kutoka chuoni, imeandikwa wiki mbili nyuma. Mteremko utavunjwa tarehe 1 Oktoba, kwa kuwa mtumiaji wake ameacha kazi. Feliksi aliisoma kwa sauti, akairudia, kisha akakaa chini. Tuna hasira, na hatuoni sababu ya kuificha.

Marehemu aliacha agizo moja kuhusu leo: jeneza lisibebwe kuingia kanisani, lipandishwe. Jana Mzee Marselino alilaza mbao juu ya vipandio vitano vya mlango wa kanisa. Mama Agnesi, ambaye wote mnamfahamu, amesikiliza misa miaka tisa akiwa nje kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Jana jioni alizijaribu mbao hizo. Alifika mpaka mbele ya altare, akakaa pale muda mrefu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama angependa kuingia.

Marehemu ameacha wazazi wake, mume wake Feliksi, Yuliana mwenye miaka miwili, ndugu wanne, na wanafunzi kumi na mmoja ambao mteremko ule ni wao. Feliksi ataondoka Ijumaa kwa treni kwenda chuoni kuutetea, na barua ile, na ile kamba ya mafundo. Zimebaki siku kumi na tisa.

Mungu ampe Veneranda pumziko la amani. Na zile mbao za mlangoni, tunaomba baada ya maziko mtu yeyote asiziondoe.