Kwao Kuna Nini: Maisha ya Mwalimu Kitwana bin Mwinjuma

Ndugu waombolezaji, asalaam alaykum. Mimi ni Kibwana bin Mwinjuma wa Dunda, kaka wa marehemu, na nimetakiwa niwasomee maisha ya mdogo wangu kabla hatujamsitiri.

Marehemu alizaliwa Dunda, Bagamoyo, mwaka 1909, mwezi wa Mfungo Tatu, siku yenyewe haikuandikwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwinjuma bin Kitwana na Bi Mwanahija binti Alawi. Alihitimu Kurani mwaka 1919, akasoma shule ya serikali Bagamoyo tangu 1921 hadi 1926, akapata mafunzo ya ualimu Dar es Salaam, na Januari 1929 akaletwa hapa Kerege, ambako alifundisha miaka ishirini na minane bila kuhama.

Tarehe 8 Machi 1931 alimwoa Bi Mardhiya binti Mosi, wakajaliwa Zaina mwaka 1932, Dija mwaka 1935, na Mosi mwaka 1938, aliyetutoka akiwa na miezi tisa.

Lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisifichwe. Jumatatu tarehe 16 Julai 1934, aliporudi kutoka mkutano wa walimu Dar es Salaam, alikuta katika daftari la mahudhurio sifuri nne mbele ya jina la Bwanausi Salumu, mtoto wa miaka tisa, naye kwa desturi ya siku zile akamchapa fimbo nne za kiganja, moja kwa kila siku, na mtoto akapokea zote, mpaka mwenzake, Mina, akapiga kelele, "Mwalimu, unampigia nini? Babake kaanguka mnazi, tumemzika Jumanne!"

Jioni ile marehemu alikwenda kuomba radhi, na kwa kuwa mama wa mtoto, Bi Ashatu, alikuwa edani, alisimama nje ya mlango, maneno yakapelekwa ndani na bibi wa mtoto, Bi Fatu, yakarudi hivi: "Mwambieni mimi nimesamehe, lakini kiganja si changu, amuulize mwenyewe." Asubuhi alimwomba mtoto radhi mbele ya darasa, na mtoto hakujibu.

Mtoto hakusema shuleni kwa miezi mitatu. Marehemu hakumlazimisha kusoma kwa sauti wala kumtaka aeleze msiba wake, bali alimkalisha karibu na Mina, akampa kazi ya kugonga kengele, kazi isiyotaka maneno, hata siku moja, marehemu alipochelewa kumwashiria agonge, mtoto mwenyewe akasema, "Mwalimu, saa imefika."

Tangu hapo, kila marehemu alipoita jina na asipate jibu, aliweka kalamu chini akauliza, "Kwao kuna nini?" na penye msiba, ugonjwa au njaa alikwenda mwenyewe, akakaa mkekani na wafiwa, na matanga yalipoanuliwa akamshika mtoto mkono hadi darasani. Walimu wenzake walimcheka kwamba amekuwa yaya, naye akaendelea kwenda.

Alianza kuugua kifua Oktoba 1956, akalazwa Bagamoyo mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Ijumaa iliyopita alikuja Bwanausi, ambaye leo ni mwalimu huko Mkange, na marehemu akamwomba tena radhi kwa zile fimbo za mwaka 1934. Bwanausi alimshika mkono akasema, "Nilikusamehe zamani, Mwalimu, nilidhani unajua." Marehemu alilia, kisha akalala. Alifariki jana, Jumapili tarehe 19 Mei 1957, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bagamoyo, majirani waliopokezana kumkesha, walimu wenzake, na Bi Mina, aliyepika tangu jana bila kukaa.

Leo ni Jumatatu, siku ya masomo, na katika daftari la shule ya Kerege hakuna mtoto aliyehudhuria. Hakuna atakayeuliza kwao kuna nini. Wote wako hapa.

Mwalimu, saa imefika. Pumzika kwa amani.