Chambo cha Kweli

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa saluni, na Kinyozi aliacha mlango wazi ili asikose mteja wala neno. Asubuhi hiyo alikuwa nje na kikombe chake, akicheka na Waziri, fundi simu aliyepewa cheo hicho kwa kupenda kutoa hotuba, na Dereva wa lori. Jana tapeli wa mtandaoni alikuwa amemwandikia Kinyozi: wekeza, pesa izae mara mbili. Naye hakumtukana. Alimpa namba ya shangazi yake aliyemlea, mwanamke ambaye wenye nyumba wote mtaani walimwogopa kwa ulimi.

— Amekujibu? — Dereva aliuliza.

— Kimya. Bado anasutwa.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — alisema Waziri.

— Hata siku moja hajamaliza, bwana!

— Ndiyo maana yeye tumemwanzia na jembe.

— Leo atarudisha pesa za watu wote, — alisema Dereva.

— Arudishe tu? — alidakia Waziri. — Atafunga ofisi! Kesho utamwona hapa akiomba kazi ya kufagia nywele.

Kinyozi alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Ila chambo ulimwekea nini? — Dereva aliuliza.

— Nilimwambia shangazi ana pesa za kuezekea nyumba.

— Za uongo?

— Za kweli. Zimo kwenye simu yake.

Dereva aliacha kucheka.

— Ndugu yangu, umemwonyesha mwizi kabati lilipo.

Kabla Kinyozi hajajibu, shangazi mwenyewe alitokea, akitembea polepole, simu mkononi. Wote wakasimama.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, wanangu. Yule kijana uliyemtuma ana adabu kweli. Njoo unionyeshe pa kubonyeza, nimtumie.

— Usitume! — Kinyozi aliidaka simu. Akaangalia salio: lilikuwa zima. Akashusha pumzi. — Shangazi, yule ni tapeli. Nilimpa namba yako ili umkomeshe.

Shangazi alijishusha kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni.

— Kumbe tapeli. Mbona aliniuliza mgongo umeamkaje? Leo asubuhi kapiga tena, kauliza kama nimepata usingizi. Wewe mwanangu, unajua mgongo umeanza kuniuma lini?

Kinyozi alimtazama Waziri, Waziri akamtazama Dereva. Hakuna aliyejua hata kwamba unamuuma.