Sura ya Saba Isitumwe

Sogeza kiti, Beverlyne, na wewe Duke acha kusimama mlangoni kama askari wa kaunti anayengoja kufunga soko. Keti karibu na mama yenu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni. Nisikilizeni, wanangu. Mimi Obadiah Mogire, mwalimu mstaafu na mwandishi wa hadithi, ambaye juzi karani wa hospitali kule Kisii aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, naye akatafakari kidogo kisha akaandika "hana", nina mambo ya kuwaachia, na hayawezi kungoja mvua hii ya alasiri ikatike.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchelewesha. Chai iliyo upande wa barabara ya kiwandani Itumbe ni ya Duke. Mikaratusi ya bondeni ni ya Beverlyne. Nyumba hii na migomba yake ni ya Drusilla mama yenu, na asije mtu kutoka upande wangu wa ukoo kumkalia kikao. Ule mtaro ambao ndugu yangu Onyiego aliusogeza ukameza ukanda wa shamba letu, mwachieni. Tuliupeleka kwa chifu, chifu akatutuma ofisi ya ardhi, ofisi hiyo ikasema ramani iko ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikasema imekwisha kuirudisha, kwa hiyo naamini mpaka leo ramani iko njiani, inazeeka pamoja nami. Nimemsamehe Onyiego. Ramani sijaisamehe.

Chai na miti sikuigawa ovyo. Chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, na ukigeuka imechipua tena. Mwenye chai halali njaa, lakini pia halali usingizi, kwa sababu kichaka hakimngoji mtu. Mkaratusi unaupanda, unausahau, watu wanakucheka kwa kupoteza ardhi, halafu siku moja unauangusha mzima na kila mtu anauona urefu wake. Na hayo ndiyo mabishano yenu tangu nilipoanza kuugua, Duke akitaka hadithi zangu zitolewe vipande vipande kwenye simu, watu wangoje, wabishane, wamjue baba yake angali hai, na Beverlyne akisema riwaya ni kitu kimoja na haikatwikatwi kama nyama ya harusi. Mmelibishania jambo hilo miguuni pa kitanda changu kana kwamba nimekwisha kuzikwa.

Njia zote mbili nimezipita. Mfululizo wa gazeti uliwasomesha ninyi. Viatu mlivyovaa darasa la kwanza vilikuwa mfululizo, na daftari zenu zilikuwa mfululizo. Mwanamke mmoja wa Nyamarambe alinipelekea kuku shuleni ili nisimuue mhusika aliyempenda, nami nikampokea kuku, na mhusika akaishi wiki mbili zaidi kuliko nilivyokusudia. Riwaya nayo niliipeleka kwa wachapishaji, kamati ikakaa nayo mpaka mhariri niliyemkabidhi akastaafu, kisha wakanishauri nipunguze vifo na niongeze maadili. Kwa hiyo msidhani nipo upande wa mmoja wenu. Mwenye kunywa chai akumbuke kuni zilizoichemsha.

Lakini hadithi hii ya mwisho niliiandika ikiwa nzima, na kila sura imeegemea mwenzake. Nilipolazwa, Duke aliikuta mezani, akaona uchungu ilale kama nilivyolala mimi, akaanza kuituma kwenye kundi la simu, sura moja kila Jumamosi jioni Sabato ikiisha. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na nikishaondoka asije mtu akamlaumu mbele ya kaburi langu. Katika sura ya kwanza kijana anakufa. Katika sura ya sita, mama mzee mjane anayechechemea anaonekana alfajiri, shali yake kichwani, akichota udongo wa kaburi la yule kijana. Hapo ndipo Duke alipokata, na ni patamu. Ningekuwa na umri wake ningekata papo hapo. Katika sura ya saba watu wanakwenda nyumbani kwa yule mjane, wakimdhani mchawi. Katika sura ya nane inajulikana kwamba aliyechota udongo ni mama wa marehemu mwenyewe, aliyeazima shali ya yule mjane kwa baridi ya alfajiri na maumivu yakamfanya achechemee, naye alitaka udongo ule ulale karibu na kitanda chake, basi. Katika kitabu, kati ya sita na nane kuna karatasi za kufunua tu. Msomaji anakasirika jua likiwa juu na anaona haya kabla ya chakula cha jioni. Katika simu kuna wiki mbili, na katika vilima hivi, wiki mbili zinatosha mtu kujenga nyumba au kuichoma.

Mnamjua Nyakerario wa ng'ambo ya mto. Mjane, anachechemea tangu alipoteleza na mkungu wa ndizi begani. Sikumwandika yeye; wajane wanaochechemea huku kwetu ni wengi kama mashimo barabarani. Lakini mnamjua Ogari pia, aliyemzika mdogo wake msimu huu wa mvua, na ndiye anayezisoma sura zangu kwa sauti pale stendi ya bodaboda, wenzake wakimzunguka. Nimeambiwa alipomaliza ya sita aliitia simu mfukoni akasema, "Mzee ameona kitu. Anaogopa tu kutaja jina."

Nyakerario alikuja kunisalimu Jumanne, wakati mama yenu yuko kwenye chai. Alikaa hapo ulipokaa, Beverlyne, na kwa muda mrefu alizungumza habari za magonjwa ya migomba. Kisha akanieleza kwamba sokoni ndizi zake hazinunuliwi, kwamba watoto wakimwona wanavuka barabara, kwamba asubuhi ile alikuta kibiriti langoni kwake, kipya, kimewekwa wima juu ya jiwe. Akaniuliza, "Baba Duke, hiyo hadithi yako umeimaliza?" Nikamwambia nimeimaliza zamani. Akasema, "Basi niambie. Mimi ninachomwa sura ya ngapi?"

Nikamwambia huchomwi, mama, huyo wala si wewe, na mwisho wake ni mwema. Aliinuka akachukua fimbo yake, akaniuliza kama hao wengine wamekwisha kuambiwa hivyo.

Nikakutuma wewe, Beverlyne, kwa chifu. Mwenyewe ulimsikia, mwanangu. Aliuliza nani ametishia, na nani amesikia, na kama kibiriti kina risiti. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba tumlete huyo mwanamke wa kwenye hadithi aandikishe taarifa, aje na kitambulisho. Ulipomweleza kwamba hayupo duniani, akasema basi hakuna jalada la kufungua. Na kwa taratibu zake alikuwa sahihi, jambo ambalo limenitia hofu kuliko kibiriti.

Sasa Duke unasema utume ya saba na ya nane kwa pamoja, kesho kutwa. Usitume. Ogari ataisoma ya saba pale stendi, na watakapofika mahali wale watu wanawasha mienge hakuna atakayekaa kungoja ya nane, kwa sababu mtu aliyekwisha kuhukumu hasomi, anatafuta ushahidi tu. Na wewe Beverlyne unasema tuifute yote, tunyamaze, kitabu kitoke mwakani kikiwa kizima. Kitabu kitoke, ndiyo, lakini ukimya wa sasa watausoma pia, tena watausoma vibaya kuliko sura yoyote niliyowahi kuandika.

Maana kuna jambo ambalo ninyi wawili hamlitaji kwa kunihurumia. Mfululizo unamtaka mwandishi awe hai wiki ijayo. Mimi figo zangu zimekwisha. Daktari aliniambia waziwazi akaniruhusu nirudi nije kufia kwangu, na habari kwamba nimerudishwa nyumbani imekwisha kufika stendi kabla ya gari lililonileta. Nikifa hadithi ikiwa imekatika pale kwenye sura ya sita, mnajua watakachosema. Mzee alikuwa karibu kutaja jina, mzee akanyamazishwa. Kifo changu ndicho kitakachokuwa sura ya saba, na hiyo sitakuwapo kuihariri.

Duke, simu yako inanirekodi tangu nilipoanza, nimeiona taa yake chini ya leso ya mama yako. Nilitaka nikukemee. Iache. Nasema Kiswahili makusudi, ili kila mtu kwenye lile kundi aelewe, wa huku na wa mjini, na asizuke mkalimani wa kuniongezea chumvi. Maneno haya ndiyo mtakayotuma badala ya sura. Yatumeni yote, na mtaro wa Onyiego humo, na kuku, na chifu, msikate kitu. Heri nichekwe.

Ogari, mwanangu, hujazaliwa na mimi lakini nilikufundisha kusoma, kwa hiyo nivumilie. Mdogo wako aligongwa na lori la mchanga lisilo na breki pale kwenye mteremko. Ulimwinua wewe mwenyewe. Nyakerario hukumwona kwenye usukani. Ulimwona matangani, amebeba ndizi za kuwalisha waliokuja kulia nawe, na hukuzikataa. Hadithi yangu ni ya kubuni, haina jina nililolificha, na mwanamke aliyekwenda kaburini ndani yake ni mama, mama aliyefiwa, kama mama yako. Nenda kamwangalie mama yako kabla hujaenda kwingine. Na wale wanaokuchochea kwa sauti kubwa, uliza kwanza ni nani kati yao anapakana na shamba la mjane. Mimi ninakufa kwa figo. Hakuna aliyeniroga, hakuna aliyeninyamazisha, na anayesema vinginevyo amenitukana mimi pamoja na daktari.

Nipe maji, Drusilla. Kidogo tu. Hapo.

Sikieni maagizo. Nyakerario aletwe leo, alale chumba kimoja na mama yenu. Atakataa, ana kiburi cha watu waliofanya kazi. Mwambieni namwomba aje anisaidie kugeuka kitandani, hilo hatalikataa. Siku ya kunizika aketi mbele, kati ya Drusilla na Beverlyne, watu wote wamwone, na mkono wa pili kutupa udongo uwe wake. Beverlyne, kitabu kichapishwe kizima, hata ikikuchukua miaka, na usimdharau ndugu yako, kwa sababu watu wale wanasubiri Jumamosi kama watu wanavyosubiri chakula, na hilo wewe hujalipata bado. Duke, endelea na vipande vyako, nimekubali, ila usitume cha kwanza mpaka cha mwisho kiwe kimeandikwa, na mtu wa pili awe anaujua mwisho. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyoipata katika kazi hii, na nimeipata... nimechelewa kidogo.

Mbona kifua kinakuwa kizito hivi. Nishike nyuma, mama. Sasa baraka. Mkiwa mmepiga magoti au mmekaa, ni sawa. Nyasae, Mungu wetu, awatangulie njiani na arudi nyuma kuwafunikia nyayo, chai yenu isipigwe na barafu, maneno yenu yasimdhuru aliyelala, na mkae pamoja, msije mka...

Ngoja. Nyamazeni kidogo. Hizo ni pikipiki?

Na mvua yote hii. Si moja. Zinashuka kuelekea mtoni, zinapita kwetu hazisimami. Leo si Jumamosi. Ni nani aliyewaambia kwamba nimekwisha kufa?

Beverlyne, pita kwenye migomba, njia ya chini, ukamtoe kwa mlango wa jikoni. Kimbia, usivae viatu. Drusilla, nenda barabarani ukapige yowe la kuita watu, piga kama nimekufa, waje wote.

Duke, baki. Tuma.

Najua sijamaliza. Nilisema isikatwe, na sasa nasema ikate, hapa hapa, wanisikie ningali ninapumua. Tuma, mwanangu. Hivyo hivyo ilivyo.