Ami Humoud, Rejeta za Milimani na Karatasi Kavu

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimeona niliseme kabla ya sifa: maji yaliyomwagika nyumbani kwa bibi yangu mwezi wa Januari hayakuwa kosa la Ami Humoud. Kosa lilikuwa langu.

Bwana Humoud bin Thani, ambaye sote tunamwita Ami, anastaafu tarehe 30 Aprili 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya mabomba hapa Nizwa kwa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Tabora, akaja Al Hamra na wazee wake akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu Khalil, mwenye karakana, anasema siku ya kwanza Ami alikuja na spana yake mwenyewe, imefungwa kwenye leso kama mkate.

Amefunga mabomba ya misikiti, ya skuli na ya nyumba zisizo na idadi, lakini zilizompa jina ni rejeta. Watu wa Maskati hucheka wakisikia kuwa Oman kuna nyumba zinazopashwa joto. Na waje milimani juu ya Al Hamra mwezi wa Disemba, waoshe uso kwa maji ya ndoo! Rejeta ya nyumba inafanana na ya gari, ila maji ya moto hupita ndani yake ili chumba kipate joto.

Zamani Ami aliunganisha mabomba ya shaba kwa kulehemu. Vilipokuja viungo vya kusukuma, mafundi wenzake walivibeza. Yeye alivifurahia kama mtoto siku ya Idi. Unakata bomba la plastiki sawasawa, unatia kipete ndani ya mdomo wake, unalisukuma kwenye kiungo mpaka mwisho, basi! Limeshika. Ukitaka kulitoa, unabonyeza pete ya kiungo, linatoka. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kupiga makofi.

Hatari yake ni kuwa bomba lisilofika mwisho huweza kuonekana limeshika. Kwa hiyo Ami hupima kina cha kiungo, akatia alama ya penseli kwenye bomba. Alama ikigusa ukingo wa kiungo, bomba limefika. Kisha hujaza maji na kupangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Mpaka karatasi itoke kavu, hanywi kahawa ya mtu, na sote tunajua kukataa kahawa kwetu ni jambo zito.

"Humoud, kahawa yangu imekuwa sumu?" bibi yangu, Bi Mahbouba, alimuuliza siku Ami alipomfungia rejeta, nami nipo.

"Hasha, Bi Mkubwa! Karatasi haijanipa ruhusa."

Siku hiyo ilitoka kavu. Ami akayamwaga maji, maana boila ya kuyapasha moto ilikuwa haijafika, akaenda kunywa vikombe vitatu. Nami peke yangu chumbani nikabonyeza pete, nikalitoa bomba, nikalirudisha. Nilitaka kuona tu. Alama sikuiangalia.

Wiki iliyofuata fundi Khattab alifunga boila, akafungulia maji. Bomba likachomoka, mazulia ya bibi yakaogelea. Karakanani wakamtania mzee: "Ami, nunua miwani!" Baba hakutania. Aliamuru Ami asiende tena kazini bila Khattab, amkague. Khattab ambaye Ami ndiye aliyemfundisha kushika spana.

Ami alipokuja kutengeneza, aliiona ile alama imekaa nje, upana wa kidole. Akanitazama. Kisha akamwambia baba, "Langu hilo, bwana."

Basi iandikwe: hakuna kiungo alichokipangusa Ami Humoud kikachomoka chenyewe. Vijana sita amewafundisha, na wote leo ni mafundi. Tunakushukuru, Ami. Huko shambani kwako Al Qabil tunakuombea siha, usingizi mtamu wa mchana, na mitende izae mpaka majirani wachoke kugaiwa.

Nilipomaliza kuandika haya nilikwenda karakanani asubuhi, kabla ya skuli, mafundi wakiwa wote. Nikayasoma kwa sauti, tangu mwanzo. Hapana aliyecheka. Siku hiyo palikuwa na nyumba moja ya kufunga rejeta, juu ya Al Hamra. Baba alimpa Ami ufunguo wa gari, akamwambia Khattab abaki. Mimi nikaenda skuli, nikachelewa kipindi cha kwanza.