Haroub Mkubwa na Breki za Baiskeli ya Yussuf

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Ndugu Haroub Mkubwa, fundi wa baiskeli wa tanuri letu la mkate, anastaafu tarehe 30 Juni, 2025. Aliingia hapa mwaka 1989, kijana kutoka Donge aliyeomba kazi ya kukanda unga. Siku ya tatu alimkuta msambazaji wa mkate amekatikiwa na cheni ya baiskeli, akaiunga kwa kipande cha msumari, na unga hakuugusa tena.

Hajawahi kuoka hata mkate mmoja wa boflo, lakini boflo zote zilizotoka hapa kwetu Malindi, Unguja, kwenda Kikwajuni na Jang'ombe zilifika kwa jitihada yake. Alikuwa mkali. Msambazaji aliyepakia kupita kiasi alivuliwa gurudumu mbele ya watu, akabaki ameshika usukani huku sisi tukicheka. Majirani nao walimletea baiskeli za watoto wao azitie mafuta. Alinung'unika, akazitia, na hakumrudisha mtu.

Aliyeweza kumchekesha Haroub mwenyewe alikuwa Yussuf Anwar, msambazaji na rafiki yake wa chanda na pete. Yussuf alizikataa baiskeli za tanuri. Alipanda Raleigh nyeusi aliyorithi kwa babake, ya zamani zile zenye breki za fito za chuma, na kila alfajiri Haroub aliikagua hiyo kabla ya nyengine zote.

Mwaka 2003, asubuhi moja ya masika, gari lilimgonga Yussuf kwenye njia panda, akafariki papo hapo. Alimwacha mkewe, Bi Sichana, na mtoto mchanga, Maisara. Dereva alisema baiskeli haikusimama. Maneno hayo yalifika karakana kabla ya maziko. Breki zile Haroub alikuwa amezikaza kwa mkono wake alfajiri ile ile.

 Tangu siku hiyo Haroub hakupanda tena baiskeli. Alizitengeneza zetu zote, kisha akaenda zake nyumbani kwa miguu. Raleigh iliyopondeka ikatiwa stoo, nyuma ya magunia, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mwaka jana stoo ilisafishwa, akaitwa mnunuzi wa chuma chakavu. Haroub akasimama mlangoni.

"Hiyo haiuzwi. Niachieni mie."

Alishughulika nayo kwa miezi mingi, baada ya saa za kazi. Aliloweka nati katika mafuta ya taa, akainyoosha fremu kwa moto na subira, akasuka magurudumu upya, spoku moja baada ya nyengine. Gololi za ekseli alizitafuta sokoni Darajani mpaka akazipata. Breki aliziacha mwisho, na sote tulijua anatafuta nini. Siku alipozifungua, fito zilikuwa zimeliwa na kutu, zikamvunjikia mkononi. Hapakubaki kitu cha kumwambia kama zilishika au hazikushika. Fundi wetu alikaa chini akalia, na mtu mmoja akaenda kuzima redio.

Alizichonga fito mpya. Zilipokamilika akaisukuma baiskeli mpaka Jang'ombe, kwa Bi Sichana, nami nikafuatana naye.

Bi Sichana alipoiona, alishikilia mlango. "Shemegi, kitu hichi unaniletea mie?"

"Breki nilizikaza mie, Bi Sichana," Haroub alisema. "Asubuhi ile. Nimezifungua nipate kujua kama ndizo, na sikujua. Sitojua tena."



"Na mie sijui," alisema Bi Sichana. "Lakini sikukuuliza breki hata siku moja. Mwenzio kafa, nawe ukanikimbia. Nnalea mtoto peke yangu, nnasema Haroub atakuja, Haroub atakuja. Hukuja. Hilo ndilo lililoniuma."

 Miaka ishirini na zaidi Haroub alijificha na lawama ambayo mfiwa mwenyewe hakumpa, na nyumba ya rafiki yake ikakosa mtu wa kuibishia hodi. Hayo hayatengenezeki kwa spana.

Bi Sichana akaita ndani. Maisara, ambaye sasa anasomea uuguzi, akatoka. "Mwamkie. Huyu alikuwa ndugu wa babako."

"Shikamoo."

Haroub aliitikia marahaba, akamsogezea baiskeli. Maisara akapitisha mkono juu ya usukani, polepole, kisha akamwuliza mamake kama anaweza kupanda. Bi Sichana aligeuza uso, lakini hakumkataza. Binti akaenda mpaka mwisho wa uchochoro, akashika breki, na baiskeli ikasimama. Ndipo mama naye akalia.

Sasa Raleigh inampeleka Maisara chuoni, na kila Ijumaa baada ya sala Haroub hula chakula cha mchana kwa Bi Sichana. Kakiri mwenyewe kwamba kachelewa. Katuomba sisi wenzake tusisubiri mpaka tuwe na la kusema. Mfiwa aendewe hata kwa mikono mitupu.

Ndugu Haroub, ahsante kwa kila gurudumu lililozunguka kwa ajili yetu. Karakana itapata fundi mwengine. Sisi wa kutukaripia namna yako hatutompata. Mola akupe afya na moyo mwepesi huko Donge uendako, na amrehemu Yussuf. Nenda salama, na hodi zetu uzitarajie.