Fundi Makochi na Ndoa Aliyodhani Imekwisha

Marehemu, aliyejulikana mtaa mzima kama Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1978, katika shule iliyopakana na kiwanda cha magodoro. Huko aliokota vipande vya sponji akatandika dawati lake. Mwalimu alimnyang'anya, akakalia mwenyewe, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini kama kipo kingine.

Alijifunza ufundi wa makochi kwa mjomba wake, na mwaka 1992 akafungua karakana yake nyuma ya soko. Vitambaa alinunua kwa binti mmoja mcheshi, akavinunua hata asivyovihitaji, mpaka akakosa pa kuviweka. Akaona heri amwoe muuzaji. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1998, na miaka miwili baadaye bibi harusi akawa Mama Pacha.

Mwaka 2012 kikohozi kilimng'ang'ania. Zahanati walimwambia ana kifua kikuu, na ana virusi vya UKIMWI pia. La kwanza alilisema nyumbani. La pili alilimeza. Kifua kilipona, lakini akahamia kulala sebuleni, eti mgongo. Mama Pacha alivumilia, kisha Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akamsimamia mbele.

"Baba Pacha, hilo kochi limekuoa? Kama kuna mwanamke, mtaje nimjue."

"Hakuna mwanamke. Nina virusi, Mama Pacha. Naogopa kukuua."

Mama Pacha aliketi kando yake kochini. "Miezi yote hii," akasema, "ulikuwa unaogopa peke yako?"

Kesho yake waliongozana zahanati. Mama Pacha alipimwa, akakutwa hana. Marehemu aliketi sakafuni palepale akalia kwa furaha, watu wakidhani amefiwa. Muuguzi alimnyanyua, akawaambia wote wawili: "Akimeza dawa kila siku, virusi vikashuka mpaka visionekane kwenye kipimo, hatakuambukiza. Kwa sasa tumieni kinga. Na mzee, rudi chumbani kwako."

Maambukizi yalitoka wapi, wenyewe walilizungumza wakalimaliza. Si la kuulizwa hapa.

Habari ilipovuja, kaka mkubwa wa Mama Pacha alikuja mbio. "Dada, funga virago twende."

"Mimi nilifunga ndoa, kaka. Virago sijui kuvifunga."

Kaka alikaa mpaka chai. Leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mama Pacha amekiri mbele ya familia kwamba miaka iliyofuata ilikuwa mitamu kuliko ya mwanzo. Zamani kila mmoja alinuna kivyake. Baada ya hapo walijifunza kuulizana. Virusi vilishuka visionekane, na mwaka 2015, kwa ushauri wa daktari, wakampata kitinda mimba. Mtoto hana virusi, mama hana. Marehemu alimtembeza mtoto karakana zote za soko, akiwaambia mafundi, "Mkague mshono huu!"

Mapema mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mwezi wa tano. Mama Pacha alimwuliza daktari kwa woga, "Ni ile?" Daktari akajibu, "Hapana, mama. Ile aliishika vizuri. Ni moyo." Mama Pacha alishusha pumzi, na marehemu kitandani akacheka: "Umesikia? Nilikuambia sitakufa na ile."

Ni yeye aliyeagiza haya yasomwe hadharani, ili aliyejificha leo katikati yetu ajue kuna njia ya kurudi kwa mwenzake. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, dada wawili, na shemeji anayemlilia kuliko wote.

Mungu ampokee. Alale salama, apumzike kwa amani.