Historia ya Mama Vifungo, Mgombea Aliyewatoza Wapiga Kura

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, ambayo mlango wake hadi leo haufungiki sawasawa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na kwa kuwa karo ya sekondari ilikwenda kwa kaka zake, alijifunza ushonaji, akafungua kibanda chake mwaka 1980, akashona sare za shule, magauni ya harusi, na kila msimu wa uchaguzi fulana za wagombea, kazi iliyomlipa vizuri ikamkosesha raha, maana aliona mwenye fulana nyingi ndiye anayeshinda.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na fundi seremala, mume mpole aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2010 alikataa oda ya fulana, akagombea udiwani yeye mwenyewe, akidai jambo moja tu, kwamba kampeni zigharamiwe na hazina ya umma kwa kiwango sawa, na zaidi ya hapo mgombea asiongeze hata senti, ili fundi cherehani na tajiri mwenye maghala wasikike sawa. Mikutano aliifanyia kibandani, na watu walipomletea nguo zilizochanika wakitumaini kushonewa bure, aliwatoza bei ya kila siku, akisema kifungo cha bure ni kifungo kweli, kinamfunga mpiga kura miaka mitano. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukashika mbavu, mgombea gani huyu anayetoza wapiga kura, kisha kura zikaenda kwa mpinzani wake mwenye maghala, aliyegawa sukari. Dada alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea kukusanya saini za kuomba sheria hiyo, ambayo mpaka anaondoka haijapita.

Mwezi Februari 2022 alibainika kuwa na uvimbe kwenye kongosho, na tulipokuwa tunahangaika na gharama, yule mwenye maghala, ambaye sasa anawania ubunge, alifika wodini na mpiga picha, akaahidi kulipia matibabu yote. Dada alimshukuru, akaomba mpiga picha atoke kwanza, na mgeni aliposema bila picha haiwezekani, akageukia ukutani. Binti yake mkubwa alimpigia magoti akubali, akakataa, na binti huyo, aliyeketi hapa mbele, alimkasirikia sana mama yake, nasi hatumlaumu, maana hakuna ajuaye kama fedha zile zingemwongezea maisha, na swali hilo linatuuma sote. Alifariki tarehe 19 Mei 2022, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na binti huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Tunamshukuru pia yule mgombea ubunge, aliyeleta bahasha ya rambirambi asubuhi hii, akaomba itangazwe kwa kipaza sauti. Imerudishwa bila kufunguliwa, na aliyeirudisha, kwa mikono yake mwenyewe, ni binti mkubwa wa marehemu.

Pumzika kwa amani, dada yetu, umeondoka huna kifungo cha mtu.